Pikipiki ya petroli ama ya stima, baridi ya Molo ikibisha?

Huu mjadala hauishi kwa steji za Nakuru. Gharama ya kila siku, ya stima inashinda wazi, hakuna oili ya kubadilisha wala plagi. Lakini Julai ukipeleka mizigo Molo asubuhi baridi inakula chaji, betri haifiki mbali vile umezoea, alafu lazima ujue kama kule mbele kuna mahali pa kubadilisha betri. Ya petroli nayo injini ikiwa baridi inakunywa zaidi, hasa ukisahau choki, ile ya kuvuta ndio injini baridi iwake, imevutwa (wengi hufanya hivyo kisha wanalaumu petroli stesheni), ila mafuta hukosi njiani. Ukizunguka tauni tu, Section 58 mpaka Milimani, chukua ya stima. Molo na Mau Summit kila siku, baki na petroli kwanza.