Akwariamu ya Zege Sebuleni, Nyegezi: Ona Kioo Kilivyokaa!

Mambo vipi wadau! Leo tumeacha mitumbwi, tumekuja Nyegezi, hapa Mwanza, ndani ya sebule ya mtu. Ukuta huu wote nyuma yangu ni tangi la samaki. La zege! Urefu mita 3, upana mita 1.2, maji kina sentimita 90. Piga hesabu: lita 3,240. Maji peke yake yamepita tani tatu, bado zege na mawe. Nyumba ni ya chini, msingi umekaa juu ya jabali, ndiyo maana nasimama hapa nimetulia. Ghorofani usithubutu bila injinia.

Nondo, kokoto, biskuti za kunyanyulia nondo, hayo nayaruka. Mafundi mnaotutazama mnayajua. Kilichonileta ni dirisha. Kaka wa kamera, sogea. Zaidi, zaidi. Hapo hapo.

Naweka kidole nje. Naanza kugusa zege, unene wote wa ukuta, halafu ndipo nafika kwenye kioo. Mmeona? Kioo kimewekwa kwa ndani! Tundu lina upana wa mita 2 na kimo cha sentimita 70, ila kioo ni kikubwa kuliko tundu, kimepita sentimita 7 kila upande.

Kwa nini? Shikeni hili boksi nililotoboa. Kipande cha plastiki nakigundisha nje ya tundu, nasukuma kutoka ndani... kimebanduka. Sasa nakiweka ndani, nasukuma tena. Sukuma wewe fundi, kwa nguvu! Hakitoki, kila ukisukuma kinazidi kubana. Maji yanafanya hivyo hivyo usiku na mchana, yanakikandamiza kioo kwenye silikoni, ile gundi ya kuziba maji. Na nguvu yake si ndogo, kwa dirisha hili inazidi uzito wa kilo 600. Nimependa mno! Nimeona matangi ambayo kioo kimebandikwa kwa nje, silikoni inabeba mzigo wote peke yake, na mwenye nyumba analala na wasiwasi.

Halafu silikoni yenyewe. Ile inayonuka siki usiipake kwenye zege tupu. Asidi yake inagombana na chokaa ya saruji, mshiko unakuwa dhaifu. Hapa wamepaka epoksi kwanza, ile rangi ngumu isiyopitisha maji, ndani kote, ikakauka, ndipo wakaweka silikoni isiyo na asidi. Na kabla ya epoksi zege limemwagiliwa maji siku 28. Wengi wanakosa subira hapo.

Hiyo epoksi nilikuwa naiona anasa. Furu wetu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wanapenda maji yenye alkali, nikasema chokaa kidogo itawadhuru nini? Lakini maji yaliyolala kwenye zege bichi pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, inaweza kupita 12, na hapo hapana samaki anayepona. Kwa hiyo epoksi ni lazima, na iwe ile inayokubalika kwa maji ya kunywa. Rangi nyeusi ndani ingependeza kuliko hii buluu, lakini hilo ni jicho langu.

Mtaniuliza kuhusu akriliki, ile plastiki ngumu inayoangaza kama kioo. Ni nyepesi, haivunjiki ovyo, ila inachubuka ukisugua mwani, na silikoni haiishiki vizuri. Kwa zege mimi nasimama na kioo, hiki ni cha milimita 19. Tangi la mbao? Rahisi, ndiyo, lakini maji yakipata upenyo mmoja tu mbao imekwisha.

Humu wamo furu wa miambani, yule dume mwenye mgongo mwekundu ni Pundamilia nyererei, amepewa jina la Mwalimu. Mawe ni haya haya ya Mwanza, graniti, hayabadilishi maji. Na wewe kijana unayeniandikia kila wiki niweke sangara: hapana! Aliingizwa ziwani miaka ya 1950, akawala furu, wakapungua vibaya, aina nyingi hazionekani tena. Humu hatakanyaga.

Bei sasa. Kioo kimekula pesa kuliko saruji na nondo kwa pamoja. Mkitaka kupunguza gharama, punguzeni kina. Maji yanayokisukuma kioo, kina kikishuka nusu, msukumo unashuka hadi robo, basi kioo chembamba kinatosha. Kupunguza unene wa kioo na kuacha kina kilekile, huko ni kutafuta mafuriko sebuleni.

Jumapili tuko laivu na fundi mwenyewe, anafungua chujio mbele yenu na kueleza bomba za kutolea maji zilivyopita kwenye zege bila kuvuja. Bonyeza kengele, na ukiandika swali taja vipimo vya chumba chako, fundi akupigie hesabu ya kioo.