Miezi 14 na Xbox Series S ya GB 512

Siku ya tatu tangu nifungue boksi, konsoli, yaani mashine ya kuchezea gemu, ilinigomea. Nafasi haitoshi, ikaniandikia, futa kitu kwanza. Nilikuwa nimeweka gemu nne tu na ya tano ilikuwa imefika katikati. Nikarudi kulisoma boksi kama mtu anayeshuku kapunjwa, nikakuta boksi halina kosa: limeandikwa GB 512, na diski iliyomo ndani ni ya GB 512 kweli. Aliyekosea hesabu ni mimi.

Ninayoizungumzia ni Xbox Series S nyeupe, ile ya mwanzo iliyoingia sokoni Novemba 2020. Kuhusu picha, kelele na pedi sitasema mengi, hayo yameshasemwa sana. Kwa televisheni yangu isiyo ya 4K picha inatosha kabisa, mashine haisikiki hata usiku wa manane, na umbo lake ni dogo kiasi kwamba mke wangu alidhani nimenunua spika. Kilichonishughulisha muda wote huu ni nafasi ya kuwekea gemu, kwa sababu hiyo ndiyo iliyoamua kama unafuu wa bei nilioufurahia dukani ulikuwa unafuu wa kweli.

Hesabu iko hivi. Katika zile GB 512, zinazobaki kwa gemu ni takriban 364. Baadhi ya zinazokosekana hazijaenda popote: watengenezaji wa diski huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni 1, ilhali mifumo mingi ya kompyuta hupanda kwa mafungu ya 1,024, hivyo 512 ya kwenye boksi inasomeka karibu 477 kabla hujagusa kitu. Zilizosalia zimeshikwa na mfumo wenyewe, pamoja na nafasi inayotengwa kwa Quick Resume, ule uwezo wa kuiacha gemu katikati, ukafungua nyingine, kisha ukarudi kuikuta palepale ulipoiachia. Hilo silinung'unikii, nalipenda kuliko jambo lolote kwenye mashine hii. Ila anayepanga gemu zake kichwani kabla ya kununua apange kwa 364, ile 512 aisahau.

Je, 364 ni nyingi au chache? Kwa mpenzi wa gemu ndogondogo ni uwanja mzima. Stardew Valley haifiki hata GB 2, na zipo nyingi za namna hiyo, tamu na nyepesi, ambazo ungeweza kujaza kumi na bado nafasi ikabaki. Upande wa pili yuko Red Dead Redemption 2, peke yake inameza zaidi ya GB 100. Call of Duty za miaka ya karibuni nazo ziko kwenye uzito huohuo na hazitulii, kila msimu zinaleta sasisho jipya, na sasisho nalo linataka pa kukaa. Weka mbili za aina hiyo, ongeza ya mpira wa miguu, ongeza ya magari, umeshafika ukutani. Kuna nafuu kidogo: gemu nyingi zilizotengenezwa kwa Series S ni nyepesi kuliko zilezile za Series X, kaka yake mkubwa, kwa kuwa hazibebi picha za kiwango cha 4K. Inasaidia, lakini mzigo unabaki kuwa mzigo.

Nyumbani kwangu wachezaji ni wawili, mimi na mpwa wangu wa miaka 15 anayekuja karibu kila wikendi. Mimi ni mtu wa gemu moja hadi niimalize. Yeye hucheza sita kwa wakati mmoja, na hakuna anayoimaliza. Ningekuwa peke yangu huenda nisingekuwa na habari ya kuwaandikia.

Linaloifanya nafasi ndogo iume zaidi ni kwamba Series S haina mahali pa kuingizia CD. Kila gemu inapitia kwenye intaneti. Ukiifuta halafu ukaitaka tena, unaipakua upya, yote. Mwenye intaneti ya kasi isiyo na kikomo hataona shida, ataianzisha akaenda kulala. Lakini piga hesabu. Gemu ya GB 50 kwenye intaneti ya megabiti 50 kwa sekunde inachukua zaidi ya saa mbili. Kwenye megabiti 10 ni saa 11 na ushee, tena kama hakuna mwingine nyumbani anayetazama video. Na kama intaneti yako ni ya bando, hizo GB 50 unazilipia mara ya pili, na ya tatu. Gemu yangu ya magari niliipakua mara tatu ndani ya miezi miwili ya kwanza. Naifuta kumpisha mpwa wangu, Jumatatu nairudisha, Ijumaa naifuta tena. Nilipojumlisha nilichotumia kwa intaneti miezi hiyo miwili nilinyamaza kimya. Dukani nilikuwa nimeuliza konsoli ina GB ngapi, sikujiuliza intaneti yangu mwenyewe ikoje.

Nikakimbilia kununua flashi ya GB 64. Konsoli ikaiona, ikawa tayari kusoma picha na muziki humo, lakini gemu ikakataa: sharti ni angalau GB 128, na USB 3.0 au zaidi. Limeandikwa wazi kabisa, sikulisoma. Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Nilichukua diski ya nje ya TB 1 (takriban GB 1,000) iliyokuwa imelala kwenye droo, nikaichomeka, konsoli ikauliza kama iifomati, yaani ifute vyote vilivyomo, kwa ajili ya gemu. Nikabonyeza ndiyo kwa haraka za mtu mwenye mgeni anayesubiri kucheza. Picha za miaka minne za mke wangu zilikuwa humo. Alikuwa na nakala kwenye laptopu, na ndiyo maana bado nina ndoa. Akaichukua diski yake siku ileile, nami nikaenda kununua ya kwangu.

Muuzaji wa hiyo diski aliniambia nikiichomeka tu, konsoli itakuwa ya TB 1 na nusu. Hapo alisema nusu ya ukweli. Gemu za Xbox One, za Xbox 360 na za Xbox ya kwanza kabisa zinacheza moja kwa moja kutoka kwenye diski ya nje. Zile zilizotengenezwa rasmi kwa Series X na Series S haziwezi. Humo zinakaa tu, na siku ukitaka kucheza lazima uziingize ndani kwanza. Sababu ni kasi. SSD ya ndani, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, imetajwa kusoma GB 2.4 kwa sekunde, wakati diski ya nje ya kuzunguka, kama yangu, inasoma MB 100 na kidogo. Gemu iliyoundwa ikiitegemea kasi ya kwanza ingekwama kila kona ya barabara kusubiri picha zifike.

Kwa hiyo diski ya nje ni stoo. Ndani ni sebuleni, wanakaa wanaotumika wiki hii. Wengine wote wanasubiri stoo. Nilipolielewa hilo, adha yangu karibu yote ilikwisha, maana kuhamisha gemu ya GB 50 kutoka stoo kuja ndani kunanichukua dakika nane hadi kumi na hakugusi bando hata kidogo. Weka dakika hizo kumi kando ya zile saa 11. Red Dead niliyonayo ni toleo la 2018 la Xbox One, kwa hiyo yenyewe inaishi nje moja kwa moja na inachezeka hukohuko. Inachelewa kufunguka, hilo sitalificha, unaweza kujibu jumbe mbili tatu kabla farasi hajaonekana. Ila GB 100 na zaidi zimetoka sebuleni, na kwa gemu ya mwendo wa polepole kama ile, uvumilivu wa dakika moja ni malipo madogo.

Ipo pia kadi maalumu inayochomekwa nyuma ya konsoli. Hiyo ina kasi sawa na diski ya ndani, na gemu za Series S zinacheza humo bila kuhamishwa. Seagate ndio walioanza kuitengeneza, na mwaka 2023 WD nao wakatoa ya kwao. Niliishika mkononi mara mbili na mara mbili niliirudisha. Ilipotoka mara ya kwanza, kadi ya TB 1 ilizidi theluthi mbili ya bei ya Series S yenyewe, na ingawa imeshuka tangu hapo, bado ni kununua konsoli ya bei nafuu halafu kuumaliza unafuu wako wote kwa kipande cha plastiki kinachoingia kwenye kiganja.

Na hapa ndipo penye majuto yangu halisi. Siku niliyonunua, pembeni ya nyeupe ilikuwepo nyeusi ya TB 1, iliyotoka Septemba 2023. Mashine ni ileile, tofauti ni diski tu. Nikajiambia nafasi nitaongeza baadaye. Ukijumlisha flashi isiyofaa kitu, diski ya nje na bando za miezi miwili, ile tofauti ya bei nimeshaizidi zamani. Wewe mwenye intaneti ya kupima kwa kijiko, ukizikuta zote mbili dukani, chukua ya TB 1. Mwenye intaneti isiyo na kikomo, au mcheza gemu mbili tatu tu kwa mwaka, hana haja ya kulipa zaidi. GB 512 zitamtosha.

Nilipima na konsoli nyingine kabla ya kuamua. PS5 ya mwanzo, ile ya Sony, ina GB 825, zinazobaki kwa gemu ni 667 hivi, na tangu Septemba 2021 inaruhusu kuongeza SSD ya kawaida ya aina ya M.2, kile kipande chembamba cha kwenye kompyuta, ndani yake. Huo ni uungwana mkubwa, kwa sababu SSD hizo zinatengenezwa na makampuni mengi na ushindani unashusha bei. Lakini konsoli yenyewe ilikuwa nje ya uwezo wangu, basi tukaachana. Nintendo Switch kwa kuitazama ndiyo maskini kuliko zote, GB 32 tu ilipotoka 2017, 64 kwa ile ya baadaye yenye kioo cha OLED. Hata hivyo memori kadi ndogo ya kawaida inaichukua na gemu zinacheza humohumo bila kuhamahama, na gemu zake nyingi ni nyepesi, bila kusahau zile zinazouzwa kwenye kaseti yake. Kwa hiyo mwenye GB 32 anaweza kulala usingizi kuliko mimi mwenye 512. Switch 2 iliyotoka Juni 2025 imepanda hadi GB 256, ila inadai kadi mpya za microSD Express, zile za zamani haziwekei gemu. Ukinunua, kadi za Switch yako ya zamani usizihesabu.

Nilikuwa mwoga wa kufuta gemu kwa hofu ya kupoteza hatua niliyofikia. Hofu hiyo haina msingi kwa Xbox: ulipofikia panatunzwa mtandaoni bila malipo ya ziada, mradi mashine ilikuwa imeunganishwa na intaneti ikamaliza kupeleka. Niliwahi kufuta gemu, nikairudisha baada ya miezi miwili, ikanikuta nimesimama mlangoni palepale nilipoachia, simkumbuki hata adui niliyekuwa namkimbia. Vilevile, baadhi ya gemu zinakubali kukatwa vipande. Halo: The Master Chief Collection inakuachia uchague ni Halo zipi uziweke, na Call of Duty inakuruhusu kuondoa sehemu ya hadithi ukabaki na ya kupambana na watu mtandaoni. Mpwa wangu hajawahi kuigusa hadithi hata siku moja. Niliiondoa, wala hajajua mpaka leo.

Game Pass, huduma ya Xbox ya kulipia kwa mwezi, nayo ina ujanja wake. Ukishalipia, gemu mamia ziko mbele yako na kidole kinawasha kupakua kila yenye picha nzuri. Hiyo ndiyo iliyonijazia diski siku ya tatu, si ukubwa wa gemu peke yake. Siku hizi ninazozionea hamu naziandika kwenye simu, na nikikuta baada ya wiki mbili bado naitaka, ndipo naipakua, moja kwa moja hadi stoo.

Leo ninapoandika, ndani kuna gemu tano na GB 41 tupu. Nje ziko 17. Sijapakua gemu ileile mara mbili tangu mwezi wa nne wa kuwa na mashine hii.

Ijumaa jioni simu huita. "Shikamoo Mjomba. Ile ya mieleka iko ndani au iko stoo?" Iko stoo, namwambia, na nikikata simu naanza kuiingiza. Ya magari inatoka nje kuipisha.