Uzoefu wangu na raba za kubandika milangoni kuzuia kelele za upepo (Mbeya)

Hii ni kwa wenzangu mnaopiga Mbeya Makambako au mnaofika mpaka Iringa na hizi gari zetu za zamani kutoka Japani. Yangu ni ndogo ya 2005, mjini imetulia kabisa, ila ukishapita Chimala unaitafuta Igawa barabara imenyooka na spidi ikigusa 80 basi kona ya juu ya mlango wa dereva inaanza kupiga filimbi sikioni, na ukikaribia Makambako ule upepo unaopiga ubavuni ndo inakuwa balaa. Mama yangu akikaa siti ya nyuma kila safari ananiambia mwanangu pandisha hicho kioo baridi inaingia, na kioo kimepanda mpaka mwisho.

Kuna fundi nilimwonyesha akazunguka gari mara moja akasema dada yangu hapa raba zote zimekufa, tutoe milango yote minne tuweke zingine za mtumba. Hajaendesha, hajafungua hata mlango mmoja kuangalia. Mimi naamini kabisa kelele ya upepo unaitafuta kwanza ndo unanunua kitu, kwa sababu sehemu inayolia mara nyingi ni ndogo mno na ukibadilisha raba zote hela inaenda na filimbi inaweza ikabaki palepale.

Kwahiyo kabla ya raba nilinunua maskin tepu, ile ya wapaka rangi. Unabandika kwa nje kwenye mishono ya mlango, juu, ubavuni, kuzunguka kitako cha saiti mira, halafu unaendesha kipande kilekile cha barabara kwa spidi ileile. Mlango wa dereva nilibandikiwa na mdogo wangu nikiwa ndani na yeye akapanda upande wa pili, hiyo milango mingine muiache bila tepu ili mtoke haraka likitokea lolote. Kelele ikakata kabisa. Tukaanza kubandua kipande kimoja kimoja, cha ubavuni kimya, cha juu mbele kimya, cha kona ya juu nyuma filimbi ikarudi, na cha saiti mira ukaja mvumo mwingine mzito ambao siku zote nilikuwa nauchanganya na filimbi. Yani matatizo mawili kwenye mlango mmoja. Tepu itoeni siku hiyohiyo maana jua likiipiga gundi inaganda kwenye rangi.

Nyumbani nikahakikisha kwa chaki. Unaipaka kwenye raba kuzunguka mlango, unafunga taratibu, unafungua. Kila sehemu raba inapogusa bodi unaona mstari mweupe. Wangu ulikuwa mzuri mpaka kwenye ile kona, pale ukakatika kwa upana wa kama vidole vitatu, bodi safi kabisa, na ukipapasa raba yenyewe imelala bapa haitaki kunyanyuka. Noti pia inasaidia, ifungie mlangoni halafu ivute, sehemu nzima inakaza na sehemu mbovu inachomoka yenyewe. Na wale wa barabara za vumbi, kama mnapanda Matamba au Makete, angalieni ndani ya fremu mkifika, ule mchirizi wa vumbi ndo njia ya upepo.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwanini gari iliyosimama inaonekana imeziba vizuri halafu barabarani inalia. Hewa inayopita kasi ubavuni mwa gari inakuwa na presha ndogo kuliko ya ndani, kwahiyo fremu ya mlango huku juu inavutwa kwenda nje kidogo, na raba iliyochoka haina tena uwezo wa kuifuata. Ndo maana hata baada ya kupata raba mpya nilimwambia fundi mwingine, kijana mmoja mtulivu wa Uyole, asogeze kwanza kile kichuma cha kwenye nguzo ambacho loki inakidaka. Alikizungushia alama ya kalamu, akalegeza, akakiingiza ndani kama milimita moja hivi, akakaza. Mlango ukakaa sawa na bodi, filimbi ikapungua hapohapo kabla hata ya kubandika kitu.

Sasa raba yenyewe. Nilichukua ile nyeusi yenye umbo la D, ina tundu katikati na gundi mgongoni, mita moja shilingi elfu tatu na mia tano duka la spea hapa mjini. Mlango mmoja juu na ubavuni inakula kama mita mbili. Zipo za bei ya chini zaidi ila ni sponji tupu, mvua ya Mbeya mnaijua, sponji inanyonya maji. Ibonyeze kwa kidole dukani, nzuri inarudi muda uleule. Na unene usikisie, chukua ule udongo wa watoto wa kuchezea, ufunge kwenye nailoni, uweke kwenye upenyo ufunge mlango, utakavyobaki ndo kipimo chako. Ukiweka nene mno utakuwa unabamiza mlango kila siku na loki itaumia.

Kubandika ndo kwenye kazi. Safisha kwa spiriti mpaka tambaa litoke jeupe, halafu subiri mchana jua likiwa limetoka, asubuhi zetu hizi za mwezi wa sita na wa saba gundi haishiki vizuri kwenye bati la baridi. Usiivute wakati unabandika, raba iliyovutwa inarudi yenyewe baadae inaacha pengo kwenye maungio. Mimi niliiacha mpaka kesho yake bila kuosha gari. Na kule chini ya mlango msizibe yale matundu ya kutolea maji, mtaozesha mlango.

Saiti mira raba hii haiwezi kabisa, ule mvumo ulikuwa wa sponji ya kwenye kitako iliyokauka ikawa unga. Kijana alitoa kile kiplastiki cha pembetatu kwa ndani, nati tatu, akakata sponji mpya ngumu kwa kufuatisha ile ya zamani akarudishia. Kazi ya muda mfupi tu na kwa mimi ndo iliyoleta tofauti kubwa zaidi ya raba.

Matokeo, mimi na mama tunaongea kawaida yeye akiwa nyuma, na vumbi mlango wa dereva halipo tena. Raba naipa nne kwa tano. Nyota moja nimeikata kwa sababu niliweka na mlango wa nyuma, na baada ya masika kona moja imeanza kubanduka, kwenye kona kali gundi yake peke yake haitoshi, weka na tone la gundi ya raba.

Kuna sauti imebaki na nimeshajua sio ya milango. Ukipishana na lori kelele ya upepo inabadilika ghafla, ya matairi inabadilika lami ikibadilika, na hii yangu inabadilika na lori, inatokea mbele upande wa abiria ambako ule ukingo wa raba wa kioo kikubwa umenyanyuka tangu kioo kibadilishwe. Hapo sibandiki chochote juu juu, nampelekea fundi vioo akitoe akirudishie na gundi yake ya vioo, wiki ijayo nikipata nafasi.