TAHADHARI: "Kocha wa maisha" wa darasa la bure la WhatsApp

Mchezo ni uleule, majina tu ndiyo hubadilika. Kwanza tangazo la darasa la bure la siku tatu. Siku ya kwanza unafundishwa vizuri tu, malengo na nidhamu ya pesa. Siku ya pili zinamiminwa shuhuda. Siku ya tatu usiku, nafasi zimebaki nne, ada ni shilingi 15,000, na ikigonga saa sita inapanda hadi 40,000. Ukisema huna, unaulizwa Fuliza yako, ule mkopo wa M-Pesa, inafika ngapi. Hapo toka.

Hizo shuhuda zikague. Fungua picha tano za skrini uangalie saa na asilimia ya betri pale juu; zikifanana zote, zimetoka simu moja. Na kundi lenyewe wanaandika maadmin peke yao, kwa hiyo hutajua ni wangapi wanadai pesa zao.

Kocha wa kweli huanza na mazungumzo ya nusu saa hivi, mara nyingi bila malipo. Kisha mkataba wa maandishi: vikao vingapi, kila kimoja bei gani, ukiahirisha inakuwaje, ukiacha katikati unarudishiwa nini, siri zako zinatunzwaje. Kikao ni dakika 45 hadi 60, kila wiki au wiki mbili. Lengo unaweka wewe, yeye anauliza kuliko anavyosema. Anayeahidi mchumba, kazi ya Kanada au mapato mara tatu kwa siku 30 anauza kitu kingine.

Vyeti ndivyo vinavyowapumbaza wengi. Kenya ina sheria ya 2014 inayosimamia washauri nasaha na wanasaikolojia, lakini jina la "kocha wa maisha" yeyote anaweza kujibandika. Akijinadi kwa International Coaching Federation, shirika la kimataifa la makocha, ngazi yao ya chini, ACC, inadai angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 akiwa na wateja. Cheti cha wikendi moja, hata wakikaa darasani saa nane kwa siku, ni saa 16. Mtafute mwenyewe kwenye orodha yao, usibofye kiungo anachokutumia.

Huzuni isiyoisha, usingizi uliopotea, mawazo ya kujidhuru: hiyo ni kazi ya hospitali. Anayekwambia uache dawa ubadili fikra ni hatari kuliko mwizi.

Lipa kikao kimoja kimoja, kwa Till au Paybill ya biashara. Jina likitokea la mtu usiyemjua, sitisha. Umeshatuma? Peleka ujumbe ule wa M-Pesa kwa 456 ya Safaricom papo hapo, uombe pesa zirudishwe, kabla ya kumpigia huyo kocha. Ukimpigia kwanza, atawahi kwa wakala kuzitoa. Mazungumzo yenu yahifadhi pia mapema, maana ujumbe aliotuma yeye anaweza kuufuta hata upande wako.