Anki kwa anayesoma Kifaransa sekondari: nimekaa nayo miaka miwili, nyota 4

Naanza na nyota kabisa ili asiyependa kusoma marefu aondoke mapema, ni 4 kati ya 5. Hiyo moja niliyoitoa nitaieleza huko chini, na wala si kwamba Anki, hii programu ya kukariri kwa kadi, ni mbovu, ni vile watu (mimi wa kwanza) tunaitegemea ifanye kazi ambayo si yake.

Mi ni mwanafunzi wa sekondari, Kifaransa huu mwaka wa nne. Miaka miwili ya mwanzo nilikua nasoma kama darasa zima lilivyokua linasoma, yaani Madamu anaandika maneno ishirini ubaoni, unanakili, usiku wa kuamkia mtihani unakariri hadi macho yanauma, unapata 17 kati ya 20 unarudi nyumbani unatembea kwa maringo, afu wiki inayofata ukiulizwa "parapluie" ni nini unabaki unaangalia dari. Ni mwavuli, kama na wewe umesahau.

Kumbe hii shida ni ya zamani. Kuna Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikua anajikaririsha silabi zisizo na maana yoyote, anajipima mwenyewe zinavyopotea kichwani, akaja kutoa matokeo 1885: mwanzoni unasahau kwa kasi sana, baadae kasi inapungua, na ukirudia kwa kuachanisha siku kitu kinakaa zaidi kuliko kukishindilia chote usiku mmoja. Anki imesimama juu ya hilo tu. Unaona upande mmoja wa kadi, unajitahidi kukumbuka, unageuza, unabonyeza kama umekosa au ilikua ngumu au sawa au rahisi, yenyewe inapanga lini uione tena, labda kesho, labda baada ya wiki mbili, na ikikukaa vizuri utaiona baada ya miezi huko. Aliyeianzisha ni Damien Elmes, 2006, na jina lenyewe ni neno la Kijapani lenye maana ya kukariri. Kwenye kompyuta ni bure, kwenye Android ni bure (AnkiDroid, hiyo inatengenezwa na watu wengine wanaojitolea), wa iPhone ndo wanalipia, ila mara moja tu. Sura yake haivutii, nakwambia mapema, hakuna katuni wala vikombe wala ndege wa kukupigia makofi.

Sasa nilivyoanza, nilianza vibaya. Nikapakua fungu la kadi lililotengenezwa na mtu mwingine, maneno 5,000, nikasema si ndo Kifaransa chote hiki, nikaweka kadi mpya 50 kwa siku. Siku ya kwanza raha, ya pili raha. Jambo ambalo sikulipigia hesabu ni kwamba kadi mpya ya leo inarudi kesho, inarudi tena keshokutwa, inarudi wiki ijayo, na zote zinarudi zikiwa na wenzake, kwa hiyo baada ya wiki tatu nafungua nakuta marudio 400 na kitu yananisubiri na bado nina homweki ya hesabu. Nikaanza kubonyeza "sawa" bila hata kusoma. Yaani nilikua najidanganya mwenyewe, na programu ikaniamini, ikazisogeza mbali kadi nisizozijua hata moja. Nikafuta zote.

Mara ya pili ndo nikaiweza. Kadi 8 mpya kwa siku, si zaidi, na zote zimetoka kwenye daftari langu la darasani. Neno peke yake siliandiki, naandika sentensi nzima niliyoisikia kwa Madamu au niliyoikosea kwenye zoezi, natoa neno moja naacha pengo. Ile sentensi ina sura, nakumbuka siku ile nani alicheka, nani alitumwa chaki, kwa hiyo neno lina pa kujishikiza. Maneno ya mtu mwingine hayana hata pa kuyashika.

Kitu cha pili ni jinsia za nomino. Sisi tuna ngeli, tena nyingi kuliko wao, lakini ngeli zetu mara nyingi zinajitangaza zenyewe mbele ya neno, ukiona kiti unajua viti, huhangaiki. Kifaransa wana mbili tu afu wamezificha. "Problème" inaishia na e kama maneno mengi ya kike, kumbe ni ya kiume, "le problème", si "la". Kwa hiyo kwangu hakuna kadi ya "table", kuna kadi ya "la table", na za kike nimezipaka rangi moja, za kiume nyingine, na siku hizi kwenye insha nikisita huwa naiona rangi kabla ya neno.

La sauti sasa, hapa ndo wengi wanapotea. Mtu wa Kiswahili amezoea kusoma kilichoandikwa, herufi haikai bure. Unakutana na "il parle" (anaongea) na "ils parlent" (wanaongea), kwenye karatasi viko tofauti, mdomoni ni kitu kilekile! Nilikua na kadi kama 300 za maandishi matupu, naandika vizuri tu, nikisomewa imla napotea. Ikabidi nimwombe Madamu anirekodie sentensi kwenye simu wakati wa mapumziko. Akacheka, "Mwanangu, umenigeuza redio sasa?" lakini akarekodi, sentensi kumi kila Ijumaa, na mimi nikazipandisha kwenye kadi. Sauti yake ina kikohozi kwenye kadi ya "malheureusement" (kwa bahati mbaya) hadi leo. Sasa hivi naanza kusikia kwanza, maandishi yako nyuma. Kama huna wa kukurekodia, RFI, redio ya Ufaransa, wana Journal en français facile, habari za dakika kumi kwa Kifaransa chepesi na maandishi yake unayapata, unakata sentensi humo. TV5MONDE, televisheni ya Kifaransa, nao wana mazoezi ya bure yaliyopangwa kwa viwango.

Haya, nyota niliyoitoa.

Shule ilituunganisha na wanafunzi wa Ufaransa tuwe tunaandikiana, baadae tukaruhusiwa kupigiana video. Mi nilikua na kadi zaidi ya 900 ambazo programu inasema nimezikomaza, najiona mtu mzima. Simu ikapokelewa, binti mmoja wa kule akasema kitu kimoja kirefu kama mluzi. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba aandike. Akaandika "t'as fait quoi ce week-end ?", yaani umefanya nini wikendi hii, na kila neno pale nilikua nalijua! Kitabuni sisi tumefundishwa "qu'est-ce que tu as fait", ndefu, imenyooka, na huku mtaani wao wameikata kichwa na miguu. Hata "je ne sais pas" (sijui) kwake ilikua inatoka kama "shepa". Nilitumia dakika ishirini kutabasamu na kusema "oui".

Anki haiwezi kukuandaa kwa hilo kwa sababu kadi inakusubiri, mtu hakusubiri. Nikaja kuliona vizuri kwenye DELF A2, mtihani wa cheti cha Kifaransa. Ule mtihani una sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, kila moja alama 25, unafaulu ukifika 50 kwa jumla na usishuke chini ya 5 popote. Kusoma nilipata 23. Kuongea 11. Nimefaulu ndio, lakini pengo hilo ni picha kamili ya muda wangu nilivyokua naugawa, dakika arobaini kwa kadi, sifuri kwa mdomo.

Ila kuna kitu nilikipenda kwenye hii programu ambacho watu hawakisemi sana. Ukikosea kadi ileile mara nyingi, kwa kawaida mara 8, inaiwekea alama ya ruba, yaani inakunyonya muda bure, acha kuipiga kichwa hivohivo. Ya kwangu ilikua "dessus" na "dessous", juu na chini, tofauti ni u moja ya Kifaransa ambayo Kiswahili hatuna, sisi tuna ya "dessous" tu. Nimeibadilisha hiyo kadi mara nne, nikaweka picha, nikaweka mishale, wapi. Nikaipeleka darasani. Madamu akachukua begi langu akaliweka juu ya kiti, akaniambia sema i, usibadilishe ulimi, sasa kunja midomo kama unapuliza moto. Ikatoka "dessus". Akalisukuma begi chini ya kiti, "na sasa?" Nikasema "dessous", darasa zima likaanza kusema na mimi, begi juu, begi chini, karibia dakika tano, hadi ticha wa darasa la jirani akachungulia.

Ile kadi nimeirudisha. Juzi imenijia, nimebonyeza "rahisi", imeniambia tuonane baada ya mwezi na nusu.