Vifaa vya zamani vya kung'olea meno: nilivyoviona nikiwa Kigoma

Mimi ni tabibu wa meno hapa Kigoma, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kung'oa. Chuo kikuu kimoja cha Uingereza kimeweka picha za mkusanyo wake wa vifaa vya kale vya tiba na meno, bure kwa yeyote. Nimevipitia kwa jicho la fundi.

Ufunguo wa jino ndio ulionikalisha. Ndio waliong'olea watu katika karne ya 18, hadi makoleo bora yalipoingia katikati ya karne ya 19. Ni shina la chuma lenye kucha pembeni na mpini wa kukingama. Kucha inashika jino, kichwa cha shina kinaegemea ufizi, daktari anazungusha kama anayefungua mlango. Kuza picha uone kucha ilivyolika upande mmoja. Jino likigoma linakatika, au linaondoka na kipande cha taya. Tena bila ganzi: etha, dawa ya kumlaza mgonjwa asisikie maumivu, ilikuja kuonyeshwa hadharani Boston mwaka 1846.

Picha sina ubaya nazo. Kilichoniudhi ni maelezo. "Mpini wa pembe ya ndovu," basi. Mwaka upo, vipimo vipo, ila pembe ilitoka wapi hakuna neno. Sisi ambao misafara ya pembe ilipita kwetu, kutoka Ujiji hadi Tabora na kuteremka Bagamoyo, tungependa kuelezwa. Hata meno ya bandia yaliyochongwa kwa jino la kiboko yameandikwa kijuujuu hivyohivyo. Hakuna anayekwambia kwamba yalioza mdomoni yakanuka, ndipo mpira mgumu ulipokuja miaka ya 1850 watu wakayakimbia.

Kuna pia mashine ya kutoboa jino inayoendeshwa kwa kukanyaga, aina aliyoipatia hataza Mmarekani Morrison mwaka 1871, mwaka uleule Stanley alipomkuta Livingstone hapo Ujiji. Niliwaonyesha vijana walio mafunzoni siku umeme umekatika, wagonjwa wamejaa benchi. Mmoja akauliza kama bado zinauzwa.

Kwa anayesomea meno naupa mkusanyo huu nyota nne, hata kama maelezo ni ya Kiingereza kitupu. Mwenye woga wa daktari wa meno asiguse. Na picha zinakula bando vibaya, heri uzifungue penye waifai.