Bima ya shemeji wangu Mjerumani: nusu serikali, nusu kampuni, makaratasi yote juu yako

Nianze na nyota kabisa: 3 na nusu kati ya 5. Najua kuna mtu atasema we mwalimu wa Moshi unaipimaje bima ya watumishi wa Ujerumani wakati hata Namanga hujavuka. Sawa, ila mi nimeiona ikifanya kazi hapahapa Moshi, dirishani kwa keshia, na hayo makaratasi nimeyashika kwa mkono wangu.

Ilikuwa hivi. Mdogo wangu ameolewa Bavaria, jimbo moja la Ujerumani, na mwalimu wa sekondari, mtumishi wa serikali wa kudumu kabisa. Desemba wakaja nyumbani kama Wachaga wote wanavyopanda mlimani Krismasi. Siku ya tatu, mvua imenyesha usiku kucha, shemeji akajitia kumsaidia mama kukata majani ya ng'ombe kihambani, akateleza pale kwenye mfereji akaangukia mkono. Kiganja hakigeuki, kifundo kimevimba kama andazi. Tukashuka naye mjini hospitali moja ya binafsi (siitaji, wenyewe watajijua), eksirei, kweli umevunjika, akafungwa POP (ile chokaa ngumu ya kushikilia mfupa), dawa za maumivu, jumla 210,000.

Mi nikasubiri atoe kadi. Mzungu, tena mtumishi wa serikali, atakosaje kadi? Akatoa pochi, akalipa keshi. Ila kasheshe ikaanza baada ya kulipa. Keshia kampa risiti ya EFD, ile nyembamba ya mashine ya TRA, watu wa kodi, imeandikwa huduma ya matibabu na jumla, basi. Shemeji akaisoma mbele na nyuma akairudisha. Anataka karatasi yenye jina lake kamili, tarehe, tatizo lililogundulika, na kila huduma na bei yake, eksirei peke yake, POP peke yake, vidonge peke yake. Keshia akanigeukia mimi, "Dada, mwambie baba risiti si ndo hiyo hiyo?" Nikamwambia keshia, mama samahani, ni ya kupeleka kwao. "Ina maana TRA ya kwao ni wakali hivyo?" Foleni nyuma yetu inaguna, mtoto wa mtu analia, na shemeji amesimama tu na mkono wake wa chokaa, mpole, hasogei. Saa nzima na nusu. Mpaka akaitwa mhasibu, akaandika kwa Kiingereza kwenye karatasi yenye nembo, akagonga muhuri mara mbili, na kwenye mstari wa POP akaandika hivyohivyo, POP. Shemeji akaipiga picha ile ya EFD pia kwa sababu anasema maandishi yake yanafutika yakikaa.

Jioni, mbege ikiwa mezani, nikamwambia shemeji sasa nieleze hii kitu, kwa nini umenitesa vile.

Kumbe kwao mtumishi wa aina yake akiugua, bili anatumiwa yeye mwenyewe na daktari, nyumbani, kwa jina lake. Serikali inamrudishia nusu, asilimia 50, hiyo wenyewe wanaita Beihilfe, tamka baihilfe. Nusu iliyobaki anakata bima kwenye kampuni binafsi. Kwa hiyo kila bili inakwenda sehemu mbili, moja ofisi ya serikali moja kampuni, na wote wawili wanataka kuona huyu daktari alifanya nini hasa, ndo maana ile EFD kwake ilikuwa takataka. Na hata bili ya huku inapokelewa, ila ofisi ya serikali kwa kawaida inapima kwa gharama ambayo ingekuwa kwao.

Sasa asilimia zenyewe ndo zilinifurahisha. Mdogo wangu kama mke anarudishiwa 70, mradi kipato chake yeye kisizidi kiwango walichoweka. Mtoto 80. Akistaafu shemeji mwenyewe anapanda 70. Na sikia hii, wakipata mtoto wa pili na yeye anatoka 50 anakwenda 70 akiwa bado kazini! Mama akatafsiriwa akacheka mpaka akashika mbavu, akamwambia mdogo wangu "sasa unasubiri nini".

Ila tusishangilie sana. Kwetu sisi watumishi NHIF, bima yetu ya afya ya taifa, ni asilimia 6 ya mshahara, 3 yangu 3 ya mwajiri, na humo tunaingia mimi, mwenzangu na wategemezi mpaka wanne. Mshahara ukiwa mdogo unachangia kidogo. Kule kwenye ile bima ya kampuni kila kichwa kina mkataba wake na bei yake, mtoto naye wake wa zile asilimia 20 zilizobaki, na bei inategemea umri wako na afya yako siku unayoingia. Shemeji alianza kazi tayari mgongo unamsumbua, akaongezewa. Kuna makubaliano ya kampuni nyingi kwamba mtumishi mpya akiomba ndani ya miezi sita hawamkatai na nyongeza haivuki asilimia 30, na yeye ndo alipitia mlango huo. Nikamuuliza kwani hukuweza kukaa kwenye ile bima ya wananchi wa kawaida, akasema angeweza alipoanza kazi, lakini kule mchango ni asilimia 14.6 na nyongeza kidogo, mfanyakazi wa kampuni anagawana na mwajiri, yeye angebeba pande zote mbili, kwa kiwango cha 14 na hiyo nyongeza. Jimbo la Hamburg ndo walianza kubadilisha Agosti 2018, jimbo linachangia nusu kwa anayetaka huko. Bavaria bado.

Kizuri ni daktari. Anachagua anayemtaka, na miadi anapata mapema kuliko jirani yake, kwa sababu daktari anamtoza kwa kitabu cha bei cha mwaka 1982 na anaruhusiwa kuzidisha mara 2.3, akitaka kuzidi hapo lazima aandike sababu. Jirani wa bima ya kawaida hampi daktari faida hiyo. Shemeji mwenyewe anaona aibu kidogo akilisema hili, nilimwona.

Mimi nyota moja na nusu nimekata kwa ile kulipa kwanza. Mi na kadi yangu, hata pale hospitali ingine walipotaka nisaini fomu ya bima kabla sijamwona daktari (nikakataa, tukagombana), angalau sikutoa laki mbili mfukoni Januari na ada za watoto zinasubiri. Hii bima ya shemeji ni nzuri kwa mtu ambaye tayari ana hela benki. Ila ile 70 ya kustaafu, hapo nawaonea wivu kweli.

Wiki iliyopita mdogo wangu kanitumia vois WhatsApp. Ofisi ya serikali imeshalipa nusu yake. Kampuni imeandika barua, kurasa mbili, wanaomba mteja afafanue POP ni matibabu gani.